Jinsi ya kuwafuatilia watu wenye skizofrenia kwa miaka kumi na zaidi bila kuwapoteza njiani

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyo kweli. Mtu akisikia utafiti wa kuwafuatilia wagonjwa hao kwa miaka kumi anawaza dodoso, skeli za dalili (vipimo vya kuzipa dalili alama) na modeli za takwimu, na hivyo vyote vinafundishika, kama hujui utampata anayejua. Kinachoziua tafiti hizi ni kwamba watu wanapotea, halafu wanaopotea hawafanani na wanaobaki. Aliyepona kabisa kahama, ana kazi yake, hataki hata kukumbushwa kwamba aliwahi kulazwa. Aliyezidiwa yuko mtaani, au gerezani, au ameshafariki. Unaobaki nao ni wale wa katikati wanaofika kliniki kila mwezi, na ukiandika ripoti kwa kutumia hao tu basi umeandika habari za kliniki, ugonjwa wenyewe hujaugusa. Ndo maana hatua nyingi hapa chini, hata zile zinazoonekana ni za kupima au za kuchambua, zinarudi kwenye swali la nani aliingia na nani kabaki.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Ukitaka kujua kwa nini watu wanaugua, lazima uanze kabla hawajaugua. Finland walichukua watoto waliozaliwa kaskazini mwa nchi yao mwaka 1966, zaidi ya 12,000, na taarifa za watoto kuchelewa kusimama na kutembea ziliandikwa na watumishi wa afya wakati huo huo, kabla mtu yeyote hajajua nani atakuja kuugua, kwa hiyo hakuna mama anayekaa miaka thelathini baadaye kujilazimisha kukumbuka. Ubaya wake ni idadi, skizofrenia inampata chini ya mtu mmoja kwa kila mia, kwa hiyo ukianza na watoto elfu moja utaishia na wagonjwa wachache mno. Wengine wanazunguka tatizo hilo kwa kuwafuata watoto ambao mama zao wana ugonjwa huu, kama walivyofanya Copenhagen kuanzia 1962, lakini hapo ujue majibu yako ni ya familia za aina hiyo, na wagonjwa wengi hawana mzazi mwenye skizofrenia.

Ukitaka kujua maisha yanaendaje baada ya kuugua, unaanza na watu walioshikwa mara ya kwanza. Ukitaka kujua kama huduma fulani inasaidia, unagawa watu kwa bahati nasibu halafu unasubiri, na usubiri kweli. Mradi wa OPUS wa Denmark uligawa watu 547 kati ya 1998 na 2000, nusu wakapata huduma ya karibu zaidi kwa miaka miwili, na mwisho wa miaka hiyo miwili walikuwa vizuri kuliko wenzao, ila ilipofika mwaka wa tano tofauti ya dalili ilikuwa imeyeyuka. Wangefunga mafaili mwaka wa pili, wangetangaza ushindi.

Usijaribu maswali yote matatu kwenye mradi mmoja. Wafadhili wanapenda hivyo, ila data haipendi.

Hatua ya 2: Mlango wa kuingilia

Hapa kaa muda mrefu, manake kosa la hapa halirekebishiki na programu yoyote ya kompyuta.

Ukienda kliniki leo ukachukua kila mwenye skizofrenia uliyemkuta, umeshapotoka. Aliyeugua akapona ndani ya mwaka hayupo kwenye foleni, aliyeugua miaka ishirini yupo kila wiki, kwa hiyo wavu wako unanasa zaidi wale ambao ugonjwa haujawaachia. Mwaka 1984 Patricia Cohen na Jacob Cohen waliandika kuhusu hili, kwamba daktari anaona ugonjwa ni mbaya kuliko ulivyo kwa sababu wanaobaki mbele yake ni wale wa muda mrefu. Kraepelin mwenyewe, daktari wa Ujerumani aliyeupa ugonjwa jina la dementia praecox (yaani akili kuharibika mapema) mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa anawaangalia watu waliolazwa hospitali, si ajabu akaona mwisho wake ni kuharibikiwa tu.

Dawa yake ni kuchukua watu wanapofika mara ya kwanza kabisa, wote, kutoka eneo lote na vituo vyote vinavyolaza watu hapo, hospitali yako ikiwa moja tu kati ya hivyo. Suffolk County kule New York walianza hivyo mwaka 1989. Na kama eneo lako watu wengi hawafiki hospitali kabisa basi hata hiyo haitoshi, inabidi uende nyumba kwa nyumba. Butajira, Ethiopia, walisaili zaidi ya watu 68,000 wa miaka 15 hadi 49 ili kuwapata wenye magonjwa makubwa ya akili, na wengi wa waliokutwa na skizofrenia walikuwa hawajawahi kupata matibabu. Kazi nzito, lakini bila hiyo wale watu wasingekuwepo kwenye kitabu chochote.

Sasa kuna ishu ya utambuzi wa ugonjwa. Wiki ya kwanza ya saikosisi, yaani mtu anapopoteza mguso na uhalisia, hakuna anayejua kwa uhakika hii ni skizofrenia au ni baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au ni madawa ya kulevya. Ukiingiza tu wale wenye lebo ya skizofrenia siku ya kwanza utawaacha nje wengi ambao lebo hiyo itakuja baadaye, kule Suffolk takriban nusu ya washiriki walibadilishiwa utambuzi angalau mara moja ndani ya miaka kumi. Kwa hiyo fungua mlango kwa saikosisi zote, rudia utambuzi kila awamu, halafu chuja mwishoni.

Na andika dalili zenyewe, usiandike lebo peke yake. Vigezo vinabadilika. DSM-III, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la mwaka 1980, ilianza kudai miezi sita ya kuumwa kabla mtu hajaitwa mwenye skizofrenia, wakati ICD, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, inadai mwezi mmoja, yaani kwa kigezo cha kwanza umeshachuja waliopona haraka kabla hujaanza hata kuhesabu. Timu ya Vermont, Marekani, ambayo wagonjwa wake walitoka wodi za watu ambao hospitali ilikuwa imeshawakatia tamaa miaka ya 1950, iliweza kurudi kwenye mafaili ya zamani na kuwatambua upya kwa vigezo vya DSM-III kwa sababu dalili zilikuwa zimeandikwa kwa kirefu. Asante kwa manesi na madaktari wa enzi hizo waliokuwa na mwandiko wa kusomeka.

Hatua ya 3: Ridhaa, na inaombwa tena na tena

Kuwa na skizofrenia hakumaanishi mtu hawezi kuamua. Wengi wanaelewa vizuri ukieleza taratibu, na asiyeelewa mara ya kwanza mara nyingi anaelewa ukirudia kwa maneno mepesi. Kuna kipimo kifupi cha maswali kumi kinaitwa UBACC, unamuuliza mtu utafiti huu ni wa nini, akikataa itakuwaje, hatari zake ni zipi, akikosea unamweleza tena na kumuuliza tena. Ukiona hali yake leo ni mbaya, ahirisha, rudi akiwa ametulia. Uwezo huo unapanda na kushuka, ndo maana ridhaa ya mwaka wa kwanza haitoshi kwa mwaka wa saba.

Fomu igawe vipande, mtu aweke tiki anachokubali. Kusailiwa ni kipande kimoja. Kuangaliwa faili lake la hospitali ni kingine. Kumuuliza ndugu yake, kuangaliwa kwenye rejista ya vifo, kutafutwa akihama, kila kimoja na mstari wake. Watakuwepo watakaochoka na usaili mwaka wa nne lakini hawana shida ukisoma faili, na kama uliomba vyote kwa pamoja basi hapo umempoteza mtu mzima wakati alitaka kuondoa kipande tu. Haya ombeni mwanzoni, kwenda kumwomba mtu ruhusa ya kumtafuta wakati humpati ni kichekesho.

Kingine kidogo ambacho watu wanakisahau ni jina la mradi. Usiweke neno skizofrenia wala akili, kwa sababu jina hilo litaandikwa kwenye bahasha, litatokea kwenye simu, litatamkwa na mtafiti msaidizi mbele ya mwenye nyumba. Kubalianeni na mshiriki tangu mwanzo, tukikosa simu yako na kumpigia dada yako tujitambulishe vipi?

Hatua ya 4: Kazi ya kutafuta watu, na bajeti yake

Siku ya kwanza, kabla ya skeli yoyote, jaza karatasi ya mawasiliano. Jina kamili na majina ya utani, jina la mama, namba zote za simu, watu watatu wasiokaa naye nyumba moja ambao siku zote wanajua yuko wapi, sehemu anayopenda kwenda akiwa hayuko sawa, kituo cha ibada kama kuna mtu anayemjua hapo. Ihakiki kila mnapoonana. Karatasi hii ikae mbali na majibu yake ya usaili, kabati lingine au faili lingine lenye nywila, na namba maalumu ndo iunganishe.

Halafu usikae kimya mwaka mzima ukatokea ghafla na dodoso la saa tatu. Wasiliana kila miezi mitatu au minne, ujumbe mfupi tu wa salamu na kuuliza kama namba ni ile ile, na ikiwezekana mtu yule yule ndo awe anawasiliana. Fikiria upande wake, kuna washiriki ambao ugonjwa wao wenyewe unawaambia kwamba kuna watu wanawafuatilia, halafu we kweli unawafuatilia, una faili lao na umempigia simu dada yao. Namba ngeni inayopiga mara sita kwa siku itaharibu kila kitu. Mueleze mapema nani atapiga, kwa namba gani, na mwachie nafasi ya kusema nisitafutwe mwezi huu.

Nendeni alipo. Wodini, gerezani kwa kibali, nyumbani, kwenye benchi la bustani kama hapo ndo anajisikia huru. Lipa nauli na fidia ya muda. Anayekataa leo muulize kama unaweza kurudi baada ya miezi sita, wengi wanaokataa wanakuwa wamekataa siku ile tu. Na kila jaribio liandikwe na tarehe, kwa sababu mwishoni utahitaji kutofautisha aliyekataa, asiyepatikana, na aliyefariki, haya ni makundi matatu tofauti kabisa na kuyatupa yote kwenye kapu la "hawakufuatiliwa" ni uvivu.

Inawezekana? Vermont waliwajua walipo au walipoishia watu 97 kati ya kila 100, kati ya wagonjwa 269, baada ya wastani wa miaka 32. Na walichokipata kikawashangaza wengi, kwamba nusu hadi theluthi mbili ya watu wale walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Wangewahoji waliobaki kwenye huduma tu hadithi ingekuwa nyingine.

Sasa linganisha na utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioanza miaka ya 1960 katika nchi 9, watu 1,202, ambao ulitoa jibu maarufu kwamba wagonjwa wa nchi zinazoendelea wanaendelea vizuri kuliko wa nchi tajiri. Jibu hilo limebishaniwa mpaka leo, na moja ya hoja kubwa ni hiyo hiyo, waliopotea na waliofariki walihesabiwa vipi na je walifanana kila kituo? Data nzuri ya miaka mingi halafu watu wanagombania walioko nje ya data.

Kwenye bajeti, mtu wa kutafuta washiriki ni ajira kamili. Ukimpa kazi hiyo mwanafunzi wa jioni usitegemee miujiza.

Hatua ya 5: Pima, ila jua unapima nini

Skeli ya dalili inayotumika sana ni PANSS, vipengele 30, kila kimoja alama 1 hadi 7. Angalia hapo, mtu asiye na dalili hata moja ana alama 30, hana sifuri. Kwa hiyo ukihesabu asilimia ya kupungua lazima utoe 30 kwanza. Mtu aliyeshuka kutoka 90 hadi 60, ukikosea utasema kapungua kwa theluthi, ukihesabu sawa ni nusu. Kosa hili lipo hata kwenye makala zilizochapishwa.

Nafuu ina vigezo vilivyokubaliwa mwaka 2005, vipengele vinane vya PANSS visizidi alama 3 kwa muda wa miezi sita. Vizuri, ila kama unamwona mtu mara moja kwa mwaka hiyo miezi sita umeijuaje? Hapo unahitaji ratiba ya maisha: unakaa na mtu mnachora mwaka wake, mwezi kwa mwezi, alikuwa wapi, aliishi na nani, alifanya kazi, alisikia sauti, alilazwa, kisha unalinganisha na faili na ndugu. Inachosha, na pia ndiyo sehemu utakayoitumia kuliko zote mwishoni.

Usiache dalili zimeze mengine. Watafiti Strauss na Carpenter walionyesha miaka ya 1970 kwamba kazi, marafiki, dalili na kulazwa havitembei pamoja, mtu anaweza kusikia sauti kila siku na bado akafungua duka lake saa moja asubuhi, mwingine hana dalili hata moja na hajatoka chumbani mwaka mzima. Kila kimoja kipimwe peke yake. Na neno "kupona" lifafanue kabla hujaanza. Uchambuzi uliokusanya tafiti 50, uliochapishwa 2013, ulidai nafuu ya dalili na ya maisha kwa pamoja, na angalau moja kati ya hizo idumu miaka miwili, jibu likawa waliopona ni asilimia 13.5 kwa wastani wa katikati (nusu ya matokeo yako chini ya hapo, nusu juu). Ukilinganisha na Vermont utadhani ni magonjwa mawili tofauti.

Mtu aliyepoa, haongei, hana hamu, anaweza kuwa na dalili hasi (ugonjwa wenyewe kumpunguzia hamu, hisia na maneno), au huzuni, au dozi ni kubwa. Msaili afundishwe kutenganisha, na mafunzo yarudiwe kila mwaka kwa video zile zile, maana watu huanza kulegeza alama bila kujijua. Ikiwezekana msaili asijue mshiriki alipata ngapi mara iliyopita. Skeli usibadilishe katikati kwa sababu imetoka mpya nzuri, na kama lazima basi awamu moja tumia zote mbili.

Hatua ya 6: Dawa, sehemu inayoleta ugomvi

Mtafiti Martin Harrow kule Chicago aliwafuata watu kwa miaka 15 halafu 20, akakuta wasiotumia dawa wana hali nzuri kuliko wanaotumia. Watu wakalichukua juu juu. Lakini jiulize nani anaacha dawa. Aliyepata nafuu anaacha kwa sababu haoni haja, na aliyezidiwa anaongezewa, kwa hiyo hali ya mtu ndo inaamua dawa kama vile dawa inavyoweza kuamua hali. Na walioacha wakaharibikiwa vibaya wana nafasi kubwa ya kutopatikana mwaka wa 20. Simaanishi Harrow alikosea, namaanisha muundo ule peke yake hauwezi kulimaliza hilo swali.

Hata ukigawa kwa bahati nasibu, mgawanyo una muda wake. Wunderink na wenzake Uholanzi waligawa watu, kundi moja kupunguziwa dozi, jingine kuendelea, na ripoti yao ya 2013 baada ya miaka saba ilionyesha waliopona ni asilimia 40.4 dhidi ya 17.6. Ila jaribio lenyewe lilikuwa la miezi 18 tu, baada ya hapo madaktari waliamua wenyewe, na waliopatikana mwaka wa saba ni 103 kati ya 128.

Kwa hiyo andika dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, nani aliamua, kwa sababu gani, na hali ilikuwaje wiki zile kabla ya kuacha. Dawa iliyochukuliwa duka la dawa haijamezwa bado. Na epuka mtego huu: ukiunda kundi la "waliotumia dawa miaka mitano mfululizo" halafu ukalinganisha vifo, kundi hilo limeshahakikishiwa miaka mitano ya uhai kwa sababu bila kuishi miaka hiyo usingeingia. Lazima matumizi yahesabiwe yanavyobadilika na muda.

Hatua ya 7: Vifo

Wenye skizofrenia wanafariki mapema, tofauti inayotajwa sana ni miaka 10 hadi 20, na sehemu kubwa ni maradhi ya mwili kama moyo. Butajira katika miaka mitano ya mwanzo kilichoongoza ni maambukizi, kisha utapiamlo mkali. Aliyefariki usimweke kwenye data iliyokosekana. Kifo ni tokeo, na kwenye kuchambua kurudiwa na ugonjwa kihesabiwe kama tukio linaloshindana, manake marehemu hawezi kurudiwa.

Kuhusu kujiua, kwa muda mrefu ilikuwa inasemwa asilimia 10 ya wenye skizofrenia watajiua. Mwaka 2005 hesabu ikarudiwa ikatoka kama asilimia 5. Tatizo lilikuwa kuchukua miaka ya mwanzo, ambapo hatari ya kujiua iko juu na vifo vingine bado vichache, halafu kunyoosha uwiano ule maisha yote.

Usaili wenyewe unaweza kuibua haya. Kabla hujaanza, kila msaili awe na namba ya daktari wa zamu na karatasi inayosema afanye nini mshiriki akisema anataka kufa, na mshiriki ajue tangu kwenye ridhaa kwamba hapo siri ina mpaka.

Hatua ya 8: Kuchambua waliokosekana

Kubeba alama ya mwisho ya mtu na kuijaza miaka inayofuata kana kwamba amesimama pale pale, acha. Tumia modeli mseto, yaani modeli za takwimu zinazotumia kila kipimo ulichonacho hata cha mtu aliyekosa awamu nyingine, au ujazaji wa mara nyingi, yaani kukisia pengo mara kadhaa na kuunganisha majibu. Lakini zote hizo zinadhani ulichokiona kinatosha kueleza kwa nini mtu hayupo, na kwenye ugonjwa huu mara nyingi hakitoshi. Jaribu pande zote mbili: chukulia wote waliopotea wameharibikiwa, kisha chukulia wote wamepona, uone jibu lako linasimama au linaanguka.

Rejista zinasaidia sana hapa. Denmark wana rejista ya magonjwa ya akili kwenye kompyuta tangu 1969, na ukiiunganisha na rejista nyingine, aliyekataa usaili bado unajua kama amelazwa, ana ajira, yuko hai. Haikuambii anasikia sauti au ana rafiki. Pale pasipo na rejista, hata taarifa tatu tu kutoka kwa ndugu, yu hai, anaishi wapi, anafanya kazi, zinatosha kukuonyesha waliopotea wameegemea upande gani.

Kwenye ripoti chora mchoro wa kila awamu ukianza na wote uliowakuta mlangoni, pamoja na waliokataa siku ya kwanza. Onyesha waliosailiwa, waliopatikana kwa faili au ndugu tu, waliokataa, wasiojulikana walipo, waliofariki. Kisha weka jedwali linalolinganisha makundi hayo kwa umri, jinsia, dalili za mwanzo na muda waliokaa bila tiba. Wahariri wakikwambia upunguze kurasa, punguza utangulizi.